Iliyo Yao na Isiyo Yao: Kuhukumu na Kutohukumu katika Nyaraka za Wakristo wa Kwanza

Mtu akiusoma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho kwa sauti na mfululizo, kama ulivyokusudiwa kusomwa mbele ya kusanyiko, hazipiti dakika nyingi kabla hajakutana na maagizo mawili yanayoonekana kugombana. Katika 4:5 Paulo anawakataza wasikilizaji wake kuhukumu lolote kabla ya wakati wake. Wangoje Bwana aje. Katika 5:3 anasema kwamba yeye mwenyewe, ingawa hayupo Korintho, amekwisha kumhukumu mtu mmoja wa kusanyiko hilo, na katika 5:12 anawauliza, kwa namna isiyoacha shaka juu ya jibu, kama si wajibu wao kuwahukumu walio ndani. Ukitoka Korintho hali haitulii. Warumi 14 inamkemea anayemhukumu ndugu yake. Yakobo 4:12 inasema mtoa sheria na hakimu ni mmoja tu. Lakini Wagalatia 6:1 inawataka walio wa rohoni wamrejeze aliyeanguka, jambo lisilowezekana bila kwanza kukubali kwamba ameanguka, na 1 Timotheo 5:20 inataka wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Ndiyo maana katika ugomvi wa kanisani kila upande huja na aya yake. Anayetuhumiwa hukimbilia Warumi 14, wanaomtuhumu hushika 1 Wakorintho 5, na aya zinageuka silaha kabla mtu hajauliza ziliandikwa kumjibu nani. Swali hilo la mwisho ndilo nitakalolifuata hapa, kwa sababu naamini mgongano tunaouona ulikuwa zaidi katika mwenendo wa waliopokea nyaraka kuliko katika fikra za waliozituma.

Njia rahisi ya kutoka ni ya msamiati. Husemwa kwamba Kigiriki kina maneno mengi pale ambapo sisi tuna moja, hivyo panapokatazwa kuhukumu ni neno hili na panapoagizwa ni lile. Kuna ukweli ndani ya dai hilo. Kitenzi krino, kilicho shina la maneno haya yote, asili yake ni kutenga, kama mtu anayepepeta nafaka na kuacha makapi upande mmoja. Kutoka hapo kikabeba maana za kupambanua, kuamua, kukata shauri, kuhukumu na hata kutia hatiani. Watafsiri wa Union Version, Biblia iliyotoka kamili mwaka 1952, waliuhisi upana huo. Katika 1 Wakorintho 2:2, ambapo Paulo anaeleza uamuzi aliofanya kabla ya kuhubiri, walitumia kuazimu. Katika 10:15 wakatumia kufikiri. Kwa kitenzi cha shina hilo hilo katika 14:29, ambapo manabii wananena na wengine wanayapima maneno yao, wakachagua kupambanua. Neno hukumu limetujia kutoka Kiarabu pamoja na hakimu na mahakama, nalo halijaachana na kizimba: ukilitaja, msikilizaji anaona mshtakiwa, adhabu na mlango wa gereza. Msomaji wa Kiswahili anapokatazwa kuhukumu, anahisi amekatazwa kitu kizito kuliko kupima tu mema na mabaya, na kwa kiasi hicho lugha yetu inamsaidia.

Lakini msamiati haumfikishi mbali. Kitenzi cha 4:5 na kile cha 5:3 na 5:12 ni kimoja, krino, hakina kiambishi wala pambo. Warumi 14:13 inakitumia mara mbili katika sentensi moja: kwanza kuwakataza watu wasihukumiane, kisha kuwaagiza wakate shauri jingine, kwamba hawatamwekea ndugu kikwazo. Kitenzi anakrino nacho, kuchunguza kama hakimu anayehoji, katika 2:15 ni uwezo wa mtu wa rohoni, na katika 4:3 ni jambo ambalo Paulo anasema halimsumbui hata kidogo Wakorintho wakimfanyia. Union Version imeandika kutambua pa kwanza na kuhukumu pa pili, kwa hiyo msomaji wetu hawezi hata kujua kwamba ni neno moja. Mwandishi anayetaka kutenga hukumu njema na hukumu mbaya kwa maneno mawili hangeandika hivi. Wala haitoshi kusema kwamba tuhukumu tendo, tusimhukumu mtu. Ni wazo la kiungwana, ila halimo katika sura ya tano: anayetolewa nje ni mtu mzima na mwili wake, na waliobaki wanaagizwa wasikae naye mezani. Na kusema kwamba waandishi walikuwa wengi na kila mmoja na mtazamo wake kunatusaidia tukifika kwa Yakobo, lakini hakugusi sura mbili za waraka mmoja uliotoka kwa mtu mmoja.

Turudi basi Korintho yenyewe. Mji huu ulibomolewa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo, ukafufuliwa kwa amri ya Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo ukiwa koloni la Kirumi, wenye bandari mbili na watu wengi walioachwa huru kutoka utumwani wakitafuta cheo na jina. Jukwaa la hukumu, bema kwa Kigiriki, lilikuwa sokoni, mbele ya macho ya kila mpita njia, na waakiolojia wamelifukua. Matendo 18 inasimulia kwamba Paulo aliletwa mbele ya liwali Galio katika mji huo, na maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi yanatuwezesha kuweka uliwali wake karibu na mwaka 51 au 52. Galio alikataa kuisikiliza kesi. Aliona ni mabishano ya sheria ya Wayahudi, nayo hayakuwa kazi ya kiti chake. Miaka michache baadaye Paulo, akiwa Efeso, anawaandikia Wakorintho ambao hawakuwa na kiasi hicho cha liwali. Wao walikuwa wamegawanyika kwa kuwapima walimu wao: huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa, nani fasaha, nani dhaifu, nani wa kufuatwa. Jibu la Paulo katika sura ya nne ni picha ya nyumba kubwa. Mitume ni wasimamizi, na Union Version inawaita mawakili kwa maana ya zamani ya neno hilo, mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake. Wakili anamjibu aliyemkabidhi. Jirani anayekagua hesabu za wakili wa nyumba ya pili anafanya kazi ambayo hakuna aliyempa. Ndipo linapokuja katazo la 4:5, na sababu yake imetajwa pale pale: yaliyositirika gizani na makusudi ya mioyo yataanikwa na Bwana. Kigiriki cha 4:3 kinasema siku ya kibinadamu mahali ambapo sisi tunasoma hukumu ya kibinadamu. Paulo anaziweka siku mbili mkabala, siku ya mahakama ya watu na ile Siku iliyotajwa katika 3:13, na anawaambia Wakorintho kwamba wameitisha kikao siku isiyo yao.

Kisha inakuja sura ya tano, na hapa mgawanyo wa sura, uliowekwa karne ya 13, umetudanganya. Paulo hakusimama kupumzika kati ya 4:21 na 5:1. Uzi unaounganisha pande zote mbili ni kitenzi kimoja, phusioo, kuvimba kama kitu kilichojazwa upepo, tunachokisoma kama kujivuna. Katika Agano Jipya lote kinatokea mara saba, na mara sita ni katika waraka huu. Kimo katika 4:6, Wakorintho wanapojivuna kwa kumpendelea mwalimu huyu dhidi ya yule. Kimo katika 4:18 na 4:19. Na kimo katika 5:2, wanapojivuna huku mtu mmoja wao akikaa kinyumba na mke wa baba yake, jambo ambalo Walawi 18:8 inalikataza na sheria ya Kirumi haikuliruhusu pia. Hapa ndipo ninapoona moyo wa suala zima. Ugonjwa wa sura ya nne na ugonjwa wa sura ya tano ni mmoja. Watu wale wale waliokuwa wepesi kupima nia za mitume, ambazo hawakuweza kuziona wala hawakupewa kuzisimamia, walinyamaza mbele ya jambo lililotendeka wazi ndani ya nyumba yao, lililokuwa juu ya mabega yao. Paulo hakubadilisha msimamo kati ya sura mbili. Aliwanyang'anya hukumu moja na kuwakabidhi nyingine, kwa sababu walikuwa wamezibadilishana.

Ukiusoma hivyo, mambo mengine ya waraka yanakaa mahali pake bila kulazimishwa. Paulo anasema katika 5:9-13 kwamba barua aliyowaandikia kabla ya hii ilieleweka visivyo. Walidhani amewaagiza wajitenge na wazinzi wote wa ulimwengu, na yeye anasema hana kazi ya kuwahukumu walio nje, hao ni wa Mungu. Yule mwanamke wa sura ya tano haguswi na neno hata moja, na wafafanuzi wengi hudhani, kwa haki nadhani, kwamba hakuwa mmoja wa kusanyiko. Sehemu kubwa ya historia ya Ukristo imeenda kinyume na mpaka huu: wakali kwa walio nje, wapole kwa wakubwa wa ndani. Katika sura ya sita Wakorintho wanashtakiana mbele ya mahakimu wa mji juu ya mambo ya maisha ya kila siku, na mahakama za Kirumi zilijulikana kwa kumsikiliza mwenye cheo kuliko mnyonge. Mtu aliyeachwa huru hakuweza hata kumshtaki bwana wake wa zamani bila kibali cha hakimu. Paulo anawauliza kama hamna kati yao hata mwenye hekima mmoja wa kuamua kati ya ndugu na ndugu. Swali linauma kwa kuwa sura nne za kwanza zimejaa majivuno yao juu ya hekima. Waliokuwa na hekima ya kumpima Apolo hawakuwa nayo ya kumaliza deni la jirani.

Sasa twende Rumi. Paulo aliwaandikia Warumi yapata mwaka 57, na dalili zote zinaonyesha aliandika akiwa Korintho hiyo hiyo: Foibe anayemtambulisha katika 16:1 alikuwa wa Kenkrea, bandari ya mashariki ya mji huo. Kwa hiyo mtu aliyeandika sura ya 14, ambayo hakuna nyingine iliyo kali kuliko hiyo dhidi ya kuhukumu, aliiandika katika mji ule ule ambao alikuwa ameuagiza kumtoa mtu nje. Wakristo wa Rumi walitofautiana juu ya chakula na siku. Wengi wa wachambuzi huunganisha hali hiyo na amri ya Kaisari Klaudio iliyowafukuza Wayahudi Rumi, kwa kawaida ikiwekwa mwaka 49. Priska na Akila walikuwa miongoni mwa waliohama, na Warumi 16:3 inawakuta wamekwisha kurudi. Waliorudi walikuta makusanyiko yamezoea meza ya watu wa Mataifa. Angalia jinsi Paulo anavyogawa makosa katika 14:3. Mwenye kula anaonywa asimdharau asiyekula. Asiyekula anaonywa asimhukumu anayekula. Mwenye nguvu hukosea kwa dharau, dhaifu hukosea kwa hukumu, na yote mawili yanatoka katika kiti kile kile cha juu. Kisha picha ya nyumba inarudi: wewe ni nani hata umhukumu mtumishi wa mtu mwingine? Neno alilotumia ni la mtumwa wa nyumbani, na kila mtu wa Rumi alijua kwamba kumpiga mtumwa wa mwenzako ni kumkosea mwenye mtumwa. Hoja haikuhusu wema au ubaya wa kula. Ilihusu nani anamjibu nani.

Hapa lazima nisimame mbele ya pingamizi lililo zito kuliko yote. Mtu atasema: umesema kuna yaliyo yao na yasiyo yao, lakini ni nani aliyechora mpaka? Paulo ameamua kwamba mboga na sikukuu ni mambo ya dhamiri, na kwamba mke wa baba siyo. Kwa Myahudi mcha Mungu wa Rumi, vyakula na siku vilikuwa amri za Mungu zilizoandikwa katika kitabu kile kile cha Walawi kinachokataza ndoa ile. Kuyaita mambo hayo madogo ni kuhukumu tayari. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu. Paulo hakutoa orodha, na hakujifanya hana msimamo. Katika 14:14 anasema wazi kwamba kwa maoni yake hakuna chakula kilicho najisi. Lakini hakumwachia msomaji giza tupu. Katika 14:6 pande zote mbili zinafanya zifanyalo kwa ajili ya Bwana na kwa shukrani. Katika 14:15 swali ni kama chakula chako kinamharibu ndugu. Tendo la Korintho halikupita katika milango hiyo. Na tuna ushahidi kwamba kwa Paulo chakula chenyewe kingeweza kuvuka mpaka. Wagalatia 2:11-14 inasimulia jinsi alivyompinga Kefa uso kwa uso huko Antiokia, mbele ya watu wote, kwa sababu alijitenga na meza ya Wakristo wa Mataifa baada ya watu fulani kutoka kwa Yakobo kufika. Jambo lilikuwa chakula, kama Rumi. Ila Antiokia mtu mwenye cheo alikuwa amewatolea wengine hukumu bila kusema neno: aliinuka mezani. Paulo aliihukumu hukumu ile. Bado namwelewa anayeona kwamba mpaka huu umechorwa na mkono wa Paulo mwenyewe, na sidhani kuna fasiri inayoweza kuuondoa mkono huo.

Yakobo anasema kutoka chumba kingine, na ingekuwa kumdhulumu tukimlazimisha ajibu maswali ya Korintho. Kitenzi kinachoongoza 4:11 ni kumsema mtu vibaya, masengenyo, na kuhukumu kumefungwa nacho. Anayemsengenya ndugu, asema Yakobo, amejiweka juu ya sheria badala ya chini yake. Lakini hukumu inayomuudhi kwa dhati ameionyesha mapema, katika 2:1-4, na ni ya viti. Tajiri mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa pazuri, maskini mwenye nguo chafu anaambiwa asimame kule au aketi chini penye miguu, na wanaopanga viti hivyo anawaita mahakimu wenye mawazo mabaya. Mwandishi huyu huyu katika 5:1-6 anawatangazia matajiri maangamizi kwa sababu wamezuia ujira wa wavunaji wao. Anayeona mgongano hapa ameisoma 4:11 kama katazo la kusema ukweli mbele ya mwenye nguvu, na hakuna kitu katika waraka kinachoruhusu usomaji huo. Na katika aya mbili za mwisho anamsifu anayemrudisha aliyepotoka.

Liko pingamizi jingine, la moyo zaidi kuliko la akili. Hata kama Wakorintho walikuwa na haki ya kuhukumu, je, kumtoa mtu na kumkabidhi kwa Shetani, kama 5:5 inavyoagiza, si ukatili uliovishwa joho la utakatifu? Maneno hayo ni makali na sitayalainisha. Ninachoweza kusema ni kwamba aya hiyo hiyo inataja kusudi, roho yake iokolewe, na kwamba Paulo alijua adhabu inaweza kupita kiasi. Katika 2 Wakorintho 2:5-11 anaandika juu ya mtu aliyeadhibiwa na wengi, anasema adhabu imetosha, na anawasihi wamsamehe asije akamezwa na huzuni. Kama ni mtu yule yule, hadithi imefika mwisho mwema. Mwandishi Mkristo Tertullian, mwanzoni mwa karne ya 3, alikana kabisa kwamba ni yeye, kwa kuwa hakutaka zinaa ile ipate msamaha wa kanisa, na wataalamu wengi wa leo nao hudhani ni mtu mwingine, japo kwa sababu tofauti. Kwa hoja yangu haidhuru. Kusanyiko lililopewa mamlaka ya kufunga mlango linaambiwa hapa kwamba kuufungua pia ni kazi yake, na kwamba kuchelewa kuufungua kunamfaidi Shetani.

Mahali ambapo naona hoja yangu inaelemewa ni katika nyaraka mbili fupi za Yohana. Katika 2 Yohana 10 yule anayejiita Mzee anaagiza kwamba mwalimu asiyeleta fundisho lile asikaribishwe nyumbani wala kusalimiwa. Katika 3 Yohana 9-10 anamlaumu Diotrefe kwa sababu hawakaribishi ndugu, tena anawafukuza kanisani wanaotaka kuwakaribisha. Mlango uliofungwa kwa agizo la Mzee ni utii. Uliofungwa na Diotrefe ni uovu. Hatuna barua ya Diotrefe, na inawezekana yeye naye aliona anawazuia walimu wa uongo. Tofauti anayoitaja Mzee ni kwamba Diotrefe anapenda kuwa wa kwanza, na hilo linaturudisha kwenye upepo uliowavimbisha Wakorintho. Lakini asomaye kwa haki atakiri kwamba upendo wa ukubwa ni jambo la moyoni, na 1 Wakorintho 4:5 imesema nani atakayefunua ya moyoni.

Korintho yenyewe haikupona upesi. Mwishoni mwa karne ya kwanza kanisa la Rumi liliwaandikia barua tunayoiita ya Klementi, kwa sababu baadhi yao walikuwa wamewaondoa wazee wasio na kosa katika huduma yao, na barua hiyo ikawataka wauchukue tena waraka wa Paulo wasome alichowaandikia juu ya makundi. Kesi iliyotunzwa vizuri zaidi, hata hivyo, iko Filipi. Polikarpo wa Smirna aliwaandikia Wafilipi mapema katika karne ya 2, na alikuwa amesikia habari za Valens, mzee wa kanisa lao, ambaye pamoja na mke wake alianguka kwa kupenda fedha. Polikarpo hakulificha kosa. Aliuliza mtu asiyeweza kujitawala katika mambo hayo atawaonyaje wengine. Lakini sura kadhaa kabla ya hapo alikuwa amewaagiza wazee wasiwe wepesi kuamini mabaya juu ya mtu wala wakali katika hukumu, kwa kuwa wote ni wadeni wa dhambi, na anapofika kwa Valens na mkewe anawaombea toba na kuwasihi Wafilipi wasiwahesabu kuwa adui, wawaite warudi kama viungo vinavyougua. Valens alikuwa mzee wao. Polikarpo, kiongozi wa kanisa la mji mwingine ng'ambo ya bahari, aliwapelekea huzuni yake na ushauri wake, na uamuzi akauacha mikononi mwao.